Usiung'oe Mzabibu Kabla Hujaupogoa

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Kondoa, ukishaipita Miyuji na kuanza kuzikaribia Veyula na Makutupora, utakutana na mashamba ya zabibu ya aina mbili. La kwanza lina nguzo zilizosimama wima, waya umekazwa, majani yamepangika, na mtu akipita katikati ya mistari hainami. La pili, ambalo mara nyingi linapakana na hilo la kwanza, limekuwa kichaka. Nguzo zimeliwa na mchwa zikalala, waya umezama ndani ya matawi, mzabibu mmoja umetambaa juu ya mwingine na wote wawili juu ya miiba, nyasi zimefika kiunoni. Siku hizi si ajabu kukuta bikoni ya mpima ardhi pembeni mwa kichaka hicho, au kibao kinachosema kiwanja kinauzwa.

Shamba hilo la pili ndilo linalonisukuma kuandika. Mwenye nalo, ambaye mara nyingi ni mama aliyebaki peke yake au kijana aliyelirithi huku akiishi mbali, hupewa ushauri wa aina mbili tu: ng'oa upande upya, au uza. Naona ushauri wote huo hutolewa kwa haraka mno. Mzabibu ulioachwa miaka mitano au zaidi bila kupogolewa kwa kawaida haujafa. Mizizi yake imekwenda chini kuliko ya mche wowote utakaoununua leo, na chini ya gamba la shina lake kuna macho yaliyolala ambayo hayajapata nafasi ya kuchipua. Unachohitaji ni msumeno, mkasi mzuri, na moyo wa kukubali kwamba msimu wa kwanza huenda usivune kitu.

Zabibu hazikuanzia huku Ugogo. Zililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia katika karne iliyopita, na misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji, ni miongoni mwa mahali zilipoanza kustawi. Walihitaji divai ya altare. Kutoka kwenye bustani za misheni zikaingia kwenye mashamba ya wanakijiji, Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Makang'wa na Chinangali, hadi zikawa zao linaloutambulisha mkoa mzima. Kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimefanya kazi ya kujaribu aina mbalimbali, na aina nyekundu inayolimwa zaidi na wakulima wadogo, Makutupora Red, inabeba jina la mahali hapo. Kwa zabibu nyeupe wengi wanalima Chenin, iliyotoka bonde la mto Loire huko Ufaransa.

Mazingira ya Dodoma ndiyo yanayoeleza kwa nini shamba la zabibu likiachwa huku huharibika kwa namna yake. Dodoma iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, upepo na usiku wa baridi. Ukavu huo unaomsumbua mkulima wa mahindi ndio unaomfaa mkulima wa zabibu, kwa sababu maradhi ya ukungu hupungua na tunda hupata sukari. Lakini Dodoma haina majira ya baridi kali. Kule Italia na Ufaransa baridi hudondosha majani, mzabibu ukalala miezi kadhaa, kisha machipuko yote yakaamka kwa pamoja. Dodoma hakuna kinachouambia mzabibu ulale. Mkulima ndiye anayeufungulia msimu kwa mkasi. Akishakata, macho huanza kufumbuka baada ya wiki mbili hivi, maua hufuata, na takriban miezi minne baadaye zabibu zimeiva. Ndiyo maana wakulima wa Dodoma wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja mwanzoni mwa mwaka na mara ya pili kati ya Agosti na Septemba, jambo ambalo wenzao wa Ulaya hawalijui.

Sasa fikiria mzabibu huo umekosa mkasi. Hakuna anayeufungulia msimu. Tawi hili linatoa maua, lile lina vichala vilivyoanza kuiva, jingine linapukutisha majani. Mwenye shamba anavuna vichala vichache leo, vichache wiki mbili zijazo, vyote vidogo na vyenye punje zisizolingana. Ukungu nao unapata chakula mwaka mzima, kwa kuwa hakuna wakati ambao shamba halina majani machanga. Kwa hiyo, hapa Dodoma, kupogoa ndiko kunakouwekea mzabibu kalenda, na ukitaka kulifufua shamba lililoachwa lazima uirudishe kalenda hiyo kwanza.

Jambo la pili la kulijua ni mahali tunda linapotokea. Mzabibu huzaa kwenye chipukizi jipya linalotoka katika tawi la msimu uliopita. Tawi kongwe lenye magamba halizai lenyewe, linabeba tu. Tena, kichala utakachokivuna msimu ujao huanza kuundwa msimu huu, ndani ya jicho, wakati jicho hilo bado liko kwenye ubavu wa tawi la kijani. Jicho likipata mwanga wa kutosha, huunda kichala. Likikaa gizani chini ya majani mengi, hutoa tawi lenye majani matupu. Mkulima anaweza kuuona mzabibu wake una majani tele na afya nzuri akashangaa hauzai. Sababu iko pale katikati ya kichaka, ambako jua halijafika kwa miaka.

Halafu mzabibu una tabia ya kukimbilia mbele. Macho ya mwisho wa tawi ndiyo yanayoamka kwanza, na yakiamka huyazuia ya nyuma yasichipue. Msimu hadi msimu uhai wa mmea unasogea mbali na shina, nyuma yake kunabaki fimbo ndefu zisizo na jani. Katika shamba lililoachwa utakuta zabibu chache zilizopo ziko mita kadhaa kutoka mahali mzabibu ulipopandwa, pengine kwenye mstari wa jirani. Maji na chakula vinasafiri safari yote hiyo kupitia mbao iliyojaa vidonda. Kazi ya kufufua shamba, ukiieleza kwa kifupi, ni kuurudisha uhai huo karibu na shina.

Kabla ya kukata chochote, fyeka nyasi na uzunguke shamba zima. Kazi hii haina haraka. Kila mzabibu utazame kutoka chini kwenda juu, usianze na majani. Kwenye shina, kati ya ardhi na kimo cha goti, kuna chipukizi lolote lililotoka? Hilo ni mali. Mizabibu mingi ya wakulima wadogo Dodoma ilipandwa kwa vipando vilivyochomekwa moja kwa moja ardhini bila kuunganishwa na shina la aina nyingine. Kwa mizabibu hiyo, hata chipukizi linalotoka chini kabisa ya udongo ni la aina ileile na linaweza kulelewa likawa shina jipya. Kama shamba lako lilipandwa miche iliyounganishwa, chipukizi linalotoka chini ya kiungo halifai, kwa kuwa litakupa zabibu za aina nyingine kabisa. Wazee waliopanda wapo wengi bado. Waulize.

Kisha kwangua kidogo gamba la shina kwa ukucha au kisu. Ukiona kijani na unyevu, mzabibu uko hai hata kama juu umekauka. Ukikuta kahawia na ukavu, shuka chini zaidi ujaribu tena. Weka alama ya rangi au kitambaa. Mizabibu yenye chipukizi chini ipewe alama moja, iliyo hai bila chipukizi alama nyingine, na iliyokufa ya tatu. Mashamba mengi yaliyoonekana yamekwisha huwa na mizabibu michache ya kundi la tatu kuliko mwenye shamba alivyodhani.

Swali la lini ukate lina majibu mawili, na tofauti yake ni maji. Mwenye kisima au mrija wa umwagiliaji akate mvua zikishakoma, mwishoni mwa Aprili au Mei. Vidonda vitakauka juani na udongo bado una unyevu wa kusukuma machipukizi. Asiye na maji ya kumwagilia agawanye kazi. Kiangazi afanye usafi mkubwa kwa msumeno, aondoe mbao iliyokufa na mafundo, kisha upogoaji wa mwisho, ule wa kuamsha macho, aungojee hadi Novemba mvua zinapokaribia. Wakati wa kuukwepa kabisa ni katikati ya masika. Ukungu unaooza mbao ya mzabibu kutoka ndani hutawanya mbegu zake wakati wa mvua, na mbegu hizo huingia kupitia kidonda kibichi. Mtu anayekata shina mwezi Januari mvua ikinyesha anaufungulia mlango ugonjwa ambao hautaonekana mpaka miaka kadhaa baadaye, mkono mmoja wa mzabibu unapokauka ghafla huku mwingine ukiwa mzima.

Ugonjwa huo unautambua pia kwa kutazama mkato. Mbao nzima ina rangi ya maziwa yenye kijani kidogo pembezoni. Mbao iliyougua ina doa la kahawia au jeusi, mara nyingi limechongeka kama kipande cha pembetatu kikielekea katikati. Ukiliona, shuka ukate tena chini yake, na tena, mpaka ufikie mbao safi. Nyakati nyingine utafika chini sana hadi ukabaki na kisiki cha sentimita 20. Usiogope. Kisiki safi chenye mizizi mikubwa kina thamani kuliko shina refu lililooza ndani. Vipande vyote vilivyougua vitolewe shambani vichomwe moto, kwa sababu ukungu huendelea kuzaa juu ya mbao iliyokufa. Msumeno na mkasi vifutwe kwa spiriti au dawa ya klorini kila unapohama kutoka mzabibu mgonjwa.

Kuna somo la Ulaya ambalo lingewafaa sana wakulima wetu. Mwaka 1921 Mfaransa René Lafon alichapisha kitabu kuhusu upogoaji wa mizabibu ya Charente, akieleza utaratibu wa mkulima aliyeitwa Poussard, ambaye alikuwa akipanga vidonda vyote upande mmoja wa mkono ili njia ya maji upande wa pili isikatizwe. Jambo hilo lilisahauliwa kwa miongo mingi. Katika miaka ya karibuni wataalamu wawili wa Italia, Marco Simonit na Pierpaolo Sirch, wamelifufua na kulifundisha katika mashamba makubwa ya Ulaya na kwingineko. Msingi wake ni rahisi. Ukikata tawi nene, mbao iliyo chini ya kidonda hukauka kwenda ndani, kwa kina kinacholingana hivi na unene wa tawi lenyewe. Ukikata kwa kusawazisha kabisa na shina, ukavu huo unaingia ndani ya shina na kuziba njia ya maji. Kwa hiyo acha kipande kinachozidi, chenye urefu usiopungua unene wa tawi. Tawi la sentimita 3, acha sentimita 3. Kikishakauka msimu unaofuata, unaweza kukiondoa. Mkulima aliyefundishwa kwamba mkato mzuri ni ule uliolala sawasawa na shina ataona mkato huu ni mchafu. Na autazame mzabibu wake baada ya miaka mitano.

Baada ya kusoma shamba na kuchagua wakati, kazi yenyewe huenda hivi. Mzabibu wenye chipukizi zuri chini, lenye unene wa kalamu ya risasi, unahitaji moyo mkuu kuliko ufundi. Chipukizi hilo ndilo shina lijalo. Lifunge kwenye kijiti kilichonyooka lipande hadi kwenye waya. Msimu huo wa kwanza, usikate shina la zamani lote. Liache na mkono mmoja wenye majani, liendelee kulisha mizizi, huku ukipunguza mengine yote. Msimu unaofuata, shina jipya likishafika kwenye waya na kukomaa, kata la zamani juu kidogo ya mahali jipya linapoanzia. Kufyeka kila kitu siku moja kunawezekana, na mizabibu mingi hunusurika, ila mizizi mikubwa ikikosa majani ghafla husukuma fujo la machipukizi mengi dhaifu, na mizabibu iliyokwisha kuchoka hufa.

Mzabibu hai usio na chipukizi chini unahitaji kuamshwa. Rudisha mikono yake nyuma karibu na shina, punguza vivuli, acha jua lifike kwenye gamba, kisha ungoje. Katika wiki chache macho yaliyolala huanza kutokeza. Usiyaache yote. Chagua mawili au matatu yaliyokaa mahali pazuri, mengine yakwanyue kwa kidole yakiwa bado laini, urefu wa kidole gumba. Kazi hii ya kukwanyua wengi huiruka kwa sababu inaonekana ndogo, lakini tawi lililoondolewa kwa kidole leo haliachi kidonda cha kuondolewa kwa msumeno mwakani.

Mara baada ya kukata, maji yataanza kudondoka kwenye mikato, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Wakulima wapya huhofia kwamba mzabibu unakufa. Ni kinyume chake. Mizizi iko hai na inasukuma juu maji mengi kuliko mmea unavyoweza kuyatumia kabla ya majani kutoka. Mzabibu usiotoa hata tone baada ya kukatwa kwenye udongo wenye unyevu ndio wa kutilia shaka.

Sasa nifike kwenye jambo linalowashinda wengi. Msimu wa kwanza baada ya kukata hivi, zabibu zitakuwa chache au hakuna. Machipukizi yanayotoka kwenye mbao kongwe huzaa kidogo sana, na macho yaliyokulia gizani hayana vichala ndani yake. Hilo halina njia ya mkato. Zaidi ya hapo, nashauri hata vichala vichache vitakavyotokea viondolewe vikiwa maua, ili chakula kiende kwenye mbao mpya na mizizi. Kwa familia inayotegemea shamba hilo, kumwambia mtu akate halafu asivune ni kumwambia neno zito, na afisa ugani anayelisema lazima alijue hivyo. Ndiyo maana kidogo kidogo ni bora: fufua mistari michache kila mwaka, mingine ipogoe kawaida ili ilete hela ya sabuni na ada. Nusu ekari yenye mizabibu 400 inaweza kugawanywa mafungu manne ya mizabibu 100. Miaka minne si mingi kwa mmea unaoishi muda mrefu kuliko aliyeupanda.

Na kweli unaishi. Katika kasri la Hampton Court pembezoni mwa London kuna mzabibu uliopandwa mwaka 1768 ambao unaendelea kuzaa kila mwaka. Mjini Maribor, Slovenia, kuna mwingine wenye zaidi ya miaka 400, na zabibu zake bado zinavunwa. Yote miwili hupogolewa kila mwaka bila kukosa. Mzabibu wa Veyula uliopandwa na baba yako miaka 30 iliyopita ni kijana mbele ya hiyo.

Msimu wa pili ndipo furaha inapoanza. Mikono miwili imelala juu ya waya, mmoja kulia na mmoja kushoto, na juu yake unaacha vijiti vifupi kila baada ya upana wa kiganja, kila kijiti kikiwa na macho mawili. Swali la macho mangapi kwa mzabibu mzima ndilo linalotenganisha mpogoaji mzoefu na mkataji. Ukiacha mengi unapata vichala vingi vidogo visivyo na sukari, ukiacha machache mmea unakimbilia majani. Mwanasayansi Louis Ravaz wa Montpellier, mwanzoni mwa karne iliyopita, alionyesha kipimo ambacho bado kinatumika duniani: pima uzito wa zabibu ulizovuna kwenye mzabibu, kisha pima matawi uliyoyakata kwenye mzabibu huohuo. Zabibu zikiwa na uzito wa mara 5 hadi 10 ya matawi, mzabibu uko katika mizani. Zikizidi hapo umeulemea, msimu ujao acha macho machache. Zikipungua sana, una nguvu ya ziada, ongeza. Mizani ya kuning'iniza, ya aina ile ya wauza nyama, inatosha. Mkulima anayepima mizabibu 10 kila msimu na kuandika kwenye daftari atalijua shamba lake kuliko mtaalamu yeyote anayelitembelea.

Kwa shamba linalofufuliwa nina neno pia kuhusu mavuno mawili kwa mwaka. Mzabibu unaozaa mara mbili hauna muda wa kujaza tena akiba ya wanga kwenye shina na mizizi. Mzabibu mzima wenye samadi na maji unastahimili. Ule uliotoka kwenye kichaka juzi hautastahimili. Kama una maji ya kumwagilia, katika miaka miwili ya kwanza acha mavuno ya wakati wa mvua, ambayo hata hivyo ndiyo yanayoandamwa zaidi na ukungu na kupata sukari kidogo, uelekeze nguvu zote kwenye mavuno ya kiangazi.

Mengine ni ya kawaida ingawa hayaepukiki. Nguzo zibadilishwe na waya ukazwe kabla ya machipukizi kufika kimo cha kuhitaji kushikizwa. Samadi ya zizini iliyooza vizuri, ambayo Ugogo haijawahi kuikosa, iwekwe pembeni mwa shina, isiligandame, na mchwa wachunguzwe mara kwa mara. Ubwiri unga hudhibitiwa kwa salfa inayopulizwa mapema, kabla unga mweupe haujatapakaa. Ubwiri vinyoya ni mgumu zaidi nyakati za mvua. Dawa yake ya kale ni mrututu uliochanganywa na chokaa, mchanganyiko ambao Pierre-Marie-Alexis Millardet aliuthibitisha huko Bordeaux katika miaka ya 1880 na ambao bado unafanya kazi. Ila hakuna dawa inayopenya kichaka. Mzabibu uliopogolewa ukapitisha upepo na jua umeshapunguza nusu ya kazi ya bomba la dawa.

Haitakuwa haki kuzungumzia mkasi bila kutaja kwa nini uliwekwa chini. Mashamba mengi hayakuachwa kwa uvivu. Yaliachwa kwa sababu zabibu ziliiva wakati mmoja, wanunuzi wakawa wachache, bei ikashuka, na zabibu haziwezi kusubiri kwenye gunia kama mtama. Mkulima aliyeona mavuno yake yakiozea shambani misimu miwili mfululizo hana sababu ya kununua salfa msimu wa tatu. Sheria ya ushuru wa bidhaa inaupa nafuu kubwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75. Hiyo ni sera nzuri, na inapaswa kuonekana kwenye bei anayolipwa mkulima wa Hombolo. Viwanda vya Dodoma vingewaambia wakulima kabla ya kupogoa, yaani miezi minne kabla ya mavuno, vinahitaji tani ngapi, za aina gani na kwa bei gani, kila kijiji kingeweza kupanga nani akate wiki hii na nani akate wiki tatu zijazo. Uzuri wa Dodoma ni kwamba siku ya kukata ndiyo inayopanga siku ya kuvuna. Nchi nyingi zinazolima zabibu hazina uwezo huo, nasi tunao na hatuutumii ipasavyo.

Mwenye shamba naye afanye hesabu yake kabla ya kufufua lote. Kama ana mnunuzi wa kiwanda, sawa. Kama hana, afufue kiasi anachoweza kukiuza sokoni Majengo mjini Dodoma, kando ya barabara, au kwa jirani anayesindika juisi na zabibu kavu. Robo ekari iliyopogolewa vizuri na kuuzwa yote ni bora kuliko ekari nzima inayolisha ndege.

Upande wa pili kuna jiji. Uamuzi wa Dodoma kuwa makao makuu ulifanywa mwaka 1973, lakini ni tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, ndipo ardhi ya pembezoni ilipopanda bei kuliko zao lolote linaloweza kuota juu yake. Siwalaumu wanaouza. Kuna ada, kuna hospitali, kuna nyumba ya kumalizia. Ila nawasihi wapangaji wa jiji walione shamba la zabibu kama wanavyoliona eneo la wazi au bonde la maji, kitu cha kuachiwa nafasi kwenye ramani. Makao makuu ya nchi yenye mashamba ya mizabibu ndani ya mipaka yake yangekuwa na uzuri ambao miji mingi ya Afrika haiwezi kuuiga, na wageni wangekuja kuuona.

Kwa warithi wa mashamba yaliyoachwa, ombi langu ni hili. Kabla hujatia saini karatasi ya mauziano na kabla hujaita trekta la kung'oa visiki, liangalie shamba kwanza. Mwite afisa ugani wa kata, au nenda Makutupora ukaombe mtu wa kukuonyesha kukata. Mvua zikikoma mwezi Aprili, nunua msumeno wa kukunja na mkasi wa kupogolea ulio imara, chagua mizabibu 20 iliyo karibu na njia, uianze hiyo. Mwaka mmoja utakuonyesha kama shamba lako ni la kuuza au la kuvuna.